Kuhamisha tanzia ya jukwaani iwe filamu ya kwetu: mwongozo wa hatua kwa hatua, kwa mfano wa Antigone

Kila nikimaliza darasa la uandishi wa skripti, maswali ni yale yale. Naanzia wapi? Maneno ya tamthilia niyatafsiri yote? Ile kwaya inayoimba katikati ya kisa naipeleka wapi? Na lile linaloumiza zaidi: mbona nilipoisoma tamthilia nililia, lakini skripti yangu ikisomwa kwa sauti watu wanauliza, "Kwani huyu dada si angepiga simu tu?"

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya swali hilo la mwisho. Tanzia ni kisa cha mtu aliyefungiwa milango yote. Ukikihamisha kisa hicho kutoka Ugiriki ya kale kuja Kilwa au Lamu, milango inafunguka yenyewe: kuna simu, kuna basi la alfajiri, kuna mahakama, kuna shangazi mwenye chumba mjini. Kazi yako kubwa ni kuifunga upya, mmoja baada ya mwingine, kwa makomeo ya mahali hapo.

Mfano wetu ni Antigone, tamthilia ya Mgiriki Sophocles, iliyochezwa Athens karibu mwaka 441 kabla ya Kristo. Ndugu wawili wameuana wakigombea mji wa Thebes. Mjomba wao Kreon, mtawala mpya, anaamuru mmoja azikwe kwa heshima na mwingine aachwe juu ya ardhi. Dada yao Antigone anamzika, anakamatwa, anafungiwa pangoni. Kreon anapobadili moyo amechelewa: Antigone amejinyonga, mwanawe Haimon aliyekuwa amwoe binti huyo amejiua, na mkewe naye anajiua. Nimeichagua kwa sababu inahusu mazishi. Wakenya wengi wa umri wangu wanakumbuka mwili wa wakili S. M. Otieno ulivyokaa bila kuzikwa tangu Desemba 1986 hadi Mei 1987, mjane na ukoo wakipambana mahakamani juu ya nani azike na wapi. Kwa hiyo usiniambie kisa hiki ni cha Wagiriki.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Nakala ya tamthilia ambayo una haki ya kuitumia. Sophocles mwenyewe hana mrithi wa kukushtaki, lakini mfasiri anaweza kuwa naye. Kwa sheria za Tanzania na Kenya hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na tafsiri inalindwa kama kazi nyingine yoyote. Tafsiri ya Kiingereza ya R. C. Jebb, aliyefariki 1905, ni salama.
- Mahali pamoja unapopajua kwa miguu yako.
- Watu wawili wa mahali hapo wanaolijua jambo lenyewe. Mimi nilihitaji sheikh na mvuvi mzee.
- Daftari. Kompyuta iache kwanza kwa wiki mbili tatu.

Tahadhari moja mapema, maana wengi hunaswa hapa: ipo Antigone nyingine, ya Mfaransa Jean Anouilh, iliyochezwa Paris 1944. Anouilh alifariki 1987, kwa hiyo kazi yake bado inalindwa. Ukijikuta umeandika yaya aliyemlea Antigone, jua umechota kwa Anouilh. Kwa Sophocles hayupo.

Hatua ya 1. Soma mara tatu, funga kitabu, simulia

Mara ya tatu ikiisha, msimulie mtu asiyeijua tamthilia, kwa dakika kumi, kama unavyosimulia jambo lililotokea mtaani. Rekodi kwa simu. Ulichosahau kusimulia huenda hukihitaji. Pale msikilizaji alipokukatiza na kuuliza "Ikawaje?" weka alama, hizo ndizo nguzo za filamu yako.

Hatua ya 2. Andika fundo kwa sentensi moja isiyo na jina wala mahali

Yangu ilikuwa: *Msichana anatakiwa achague kati ya amri ya mkubwa wa familia yake na wajibu kwa maiti ya ndugu yake, na hawezi kutimiza vyote viwili.*

Sentensi yako ikiwa na neno "mfalme", "jumba" au "upanga", bado umeshika mavazi. Irudie.

Hatua ya 3. Tafuta mahali ambapo sheria hiyo tayari ipo

Hapa ndipo nilipopotea miezi minne. Rasimu yangu ya kwanza ilimfanya Kreon kuwa mkuu wa wilaya, anayeweka askari walinde maiti isizikwe. Niliisoma mbele ya wazee wa kijiji kimoja cha wavuvi kusini mwa Tanzania. Wakanisikiliza kwa adabu, kisha bibi mmoja akasema: "Mwanangu, serikali haiwezi kuzuia maziko. Wanakijiji ndio wanaoweza."

Alikuwa anazungumzia kususia. Kijiji kikikususa, hakuna atakayekuosha, hakuna atakayechimba kaburi, hakuna atakayeweka bega chini ya jeneza. Haitakiwi bunduki. Nilirudi nyumbani nikachana rasimu nzima.

Kisa kipya kikawa hivi. Kaka wawili: Athumani anaongoza doria ya kijiji dhidi ya uvuvi wa baruti, Jabiri anavua kwa baruti. Wanakutana baharini usiku na wote wanafariki. Mjomba wao, Mzee Selemani, ni mwenyekiti. Athumani anazikwa na kijiji kizima. Kwa Jabiri, Mzee Selemani anasimama mbele ya watu na kusema asusiwe. Na ile sheria ya miungu ambayo Antigone anaitetea haikunipa kazi ya kuibuni, kwa sababu ipo: kumwosha maiti, kumvika sanda, kumswalia na kumzika ni faradhi kifaya. Wakifanya baadhi, wote wamesalimika. Asipofanya hata mmoja, dhambi ni ya wote. Sheria mbili za kweli, na zote mbili kijiji kinaziheshimu.

Kosa la kawaida: kuchagua mahali kwa uzuri wa picha. Mji Mkongwe unapendeza mno kwenye kamera, lakini jiulize kwanza kama amri unayoisimulia inaweza kutolewa pale na ikashika.

Hatua ya 4. Hesabu milango, kisha ifunge

Chora jedwali la safu mbili: "Kwa nini asifanye hivi?" na "Kwa sababu…". Waite rafiki zako wakutajie njia zote ambazo mhusika angejiokoa. Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu kuliko zote. Yangu ilitoka hivi:

*Kwa nini Zuhura, Antigone wetu, asiite polisi?* Kwa sababu nusu ya kijiji imekula samaki wa baruti, na bati la nyumba yake mwenyewe lilinunuliwa na Jabiri. Polisi wakija hawatamchukua mjomba peke yake. Mlango huu naupenda, maana umemfunga na pia umemtia doa. Sasa si malaika.

*Kwa nini asimpigie shangazi Dar es Salaam?* Anapiga. Shangazi anasema mlete huku tutamzika. Lakini maiti itasafiri kwa chombo gani? Vyombo vyote viko chini ya kamati, na hakuna nahodha atakayepakia.

*Imamu je?* Imamu anajibu kwa sentensi moja: "Mleteni msikitini nitamswalia. Nani atambeba?"

*Kwa nini asizike usiku peke yake?* Anazika. Hapo ndipo kisa kinapoanza kukimbia. Kwa Sophocles anamfunika ndugu yake mavumbi, walinzi wanayaondoa, naye anarudi. Mimi nilitaka walinzi wafukue kaburi, na sheikh akanizuia: hakuna mtazamaji wa pwani atakayeamini kijiji cha Waislamu kinafukua maiti kwa amri ya mwenyekiti. Basi mara ya kwanza Zuhura anamfunika kwa mkeka na mchanga chini ya mivinje, na walinzi wanaondoa mkeka. Mara ya pili anachimba kaburi kweli, na anaonekana. Mwanamke kushika jembe la kaburi pale kwao ni jambo la pili la kushtua juu ya lile la kwanza, na hilo sikulitarajia nilipoanza.

Mlango ukikataa kufungika, usiufunge kwa bahati mbaya: betri kuisha, mtandao kukata, gari kuharibika. Mtazamaji anasamehe bahati mbaya moja, na hiyo moja itunze.

Hatua ya 5. Panga udugu upya

Waandishi wengi hubadilisha majina na kudhani wamemaliza. Anza na majina ya udugu. Kreon ni kaka wa mama, yaani mjomba, na kwetu mjomba ndiye mtu wa kumkimbilia baba akiwa mkali. Amri ya kususia ikitoka kinywani mwa mjomba, kila anapoitwa "mjomba" katika skripti inachoma. Kiingereza hakina kitu hicho. Kinamwita kwa neno lile lile la baba mdogo.

Sasa Haimon. Ni mtoto wa mjomba, na amemchumbia Antigone. Kwa Waswahili wengi wa pwani binamu anaolewa bila shaka yoyote. Ukipeleka kisa bara, makabila mengi yatasikia uchumba huo kama mwiko, na filamu yako itageuka kuwa kisa kingine kabisa. Huko mfanye Haimon mtoto wa kambo au wa kulea, au ubadilishe udugu wa Kreon.

Hatua ya 6. Kwaya, mtabiri na mjumbe

Uliza kila mmoja anafanya kazi gani, kisha umtafute mtu wa mahali hapo mwenye kazi hiyo. Mwongozaji wa India Vishal Bhardwaj alipohamishia Macbeth, tanzia ya Shakespeare, kwa majambazi wa Mumbai mwaka 2003, wachawi wakawa polisi wawili wanaopiga ramli za nyota. Kazi ya utabiri ilibaki; ndevu na chungu vikaenda zao.

Kwaya ya Antigone ni wazee wa mji. Kwangu ni wazee wa barazani wanaocheza bao, wanaoona kila kitu na kukubali kila kitu mpaka siku ya mwisho. Nyimbo zao nilizikata zote isipokuwa mmoja, ule wa maajabu ya mwanadamu, unaosema anavuka bahari kwenye dhoruba na kukamata viumbe wa majini kwa nyavu. Niliugeuza dakika mbili za picha bila neno: alfajiri, vyombo vinashushwa, nyavu zinakunjuliwa, mikono ya mtu inafunga utambi. Miaka zaidi ya 2,400, na wimbo unawahusu wavuvi kana kwamba umetungwa ufukweni.

Tiresia, mtabiri kipofu anayeongozwa na mtoto, akawa nahodha mzee aliyepofuka, anayesoma upepo kwa shavu. Mtoto nilimwacha.

Mjumbe hahitajiki sana. Kwenye tamthilia analeta habari za vifo vilivyotokea nje ya jukwaa. Wewe una kamera. Lakini usione ulazima wa kuonyesha kila kifo kwa sababu tu unaweza. Uso wa anayesikia habari mara nyingi unatosha.

Hatua ya 7. Tafuta kuchelewa kwa mahali hapo

Tanzia nyingi huishia kwenye "laiti angefika mapema". Kuchelewa huko kusitoke kwa mwandishi, kutoke kwa mahali.

Kreon anamfungia Antigone pangoni na chakula kidogo, ili mji usibebe dhambi ya kifo chake. Mzee Selemani anampeleka Zuhura dagoni, kwenye kisiwa cha mchanga wanakolala wavuvi msimu wa kazi, na ndoo ya maji na unga, "apoe siku mbili". Simu anachukua. Nahodha kipofu anapomshtua, anaenda kwanza kumzika Jabiri, kama Kreon alivyoanza na maiti kabla ya aliye hai. Wakati anazika, maji yanakupwa. Ni siku za bamvua, bahari imerudi mbali kabisa, ngalawa imelala juu ya mchanga. Zuhura naye, mtoto wa wavuvi anayejua saa za maji kuliko saa ya ukutani, anaanza kutembea kurudi kwenye kaburi la kaka yake, na anajua hatafika. Maji yale yale yanayoinua ngalawa ya mjomba ndiyo yanayomfunika.

Niliacha kujinyonga kwa makusudi. Sipendi filamu inayomfundisha kijana mwenye majonzi njia ya kujiua, na uamuzi wa Zuhura unabaki wake. Kijana wa Selemani, Idi, anaogelea kumfuata. Mke wa Kreon sikumuua. Vifo viwili vilinitosha. Kijiji kizima kinakuja kumzika Idi, na msibani hakuna anayempa mzee mkono.

Hatua ya 8. Andika mazungumzo

Mwongozaji wa Japani Kurosawa alipoipeleka Macbeth katika Japani ya zamani mwaka 1957, hakutumia mashairi ya Shakespeare, na ni miongoni mwa filamu za Macbeth zinazoheshimiwa kuliko zote. Hotuba ya mistari ishirini jukwaani ina kazi ya kuonyesha mahali, hali ya hewa, kilichotokea jana na anachohisi mtu. Kamera imeshaonyesha vitatu vya kwanza. Hotuba maarufu ya Antigone juu ya sheria zisizoandikwa kwangu ni hii tu:

ZUHURA: Mjomba, faradhi hii hukuiweka wewe. Wala kuiondoa huwezi.

Angalia pia adabu. Haimon anambishia baba yake kwa hoja kali, ila anaanza kwa kusema, "Baba, mimi ni wako." Sophocles alijua mtoto anavyozungumza na baba. Idi naye anaanza "Baba, naomba kusema", wako wawili tu, wakivuta ngalawa, mikono ina kazi. Mbele ya wazee asingethubutu, na mtazamaji angelijua hilo.

Usichanganye lahaja. Kiswahili cha Kilwa si cha Mombasa, na mwigizaji akiruka kutoka kimoja hadi kingine ndani ya sini moja, kisa kizima kinaonekana cha kukodi.

Hatua ya 9. Soma kwa sauti mahali penyewe

Wasomee wenyeji kabla ya mtu yeyote wa filamu. Usiulize kama wameipenda. Uliza: "Wapi hamkuamini?" Andika majibu bila kujitetea.

Hatua ya 10. Vibali na ratiba

Tanzania unapeleka maombi na skripti Bodi ya Filamu kabla ya kushuti. Kenya leseni ya kushuti hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Ofisi ya kijiji au mtaa nayo lazima, na ukiwa ndani ya hifadhi ya bahari, kama ile ya Mafia, kuna ruhusa yake. Sini za maji kupwa zipange kwenye bamvua, mwezi mchanga au mwezi mpevu. Zikikupita unasubiri kama wiki mbili, na kikosi kinaendelea kula.

Ikikwama

*Watazamaji wanamchukia Kreon tu.* Hujampa haki yake. Niliongeza sini ya mtoto aliyepoteza mkono kwa baruti, akiwa amekaa karibu na Mzee Selemani siku ya amri. Nelson Mandela aliigiza Kreon katika gereza la kisiwa cha Robben; hebu fikiria mfungwa yule akisema maneno ya mtoa amri, uone mhusika huyu anavyobeba uzito.

*Mhusika mkuu anachosha kwa wema.* Mpe faida aliyoipata kutokana na kosa. Rudi kwenye lile bati.

*Skripti ina kurasa 140.* Ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Umeanza mapema mno, huenda tangu utoto wa hao kaka. Sophocles anaanza vita vikiwa vimekwisha, dada wawili wanazungumza nje alfajiri. Anza hapo.

*Inaonekana kama jukwaa lililorekodiwa.* Watu wako wanaingia, wanasimama, wanazungumza, wanatoka. Kila sini ipe kazi ya mikono: kusuka ukili, kuparua samaki, kuziba chombo kwa kalafati. Kisha ondoa theluthi ya maneno.

*Hakuna pesa za sini za baharini.* Mwongozaji Alexander Abela alishuti Macbeth kwa wavuvi wa Madagascar mwaka 1999, rangi nyeusi na nyeupe, waigizaji wakiwa wanakijiji wenyewe. Kifo cha kaka wawili si lazima kionekane. Usiku, kishindo cha mbali, taa zinawashwa nyumba moja baada ya nyingine, na wanawake wanateremka ufukweni bila kuulizana.

*Wazee wanasema kisa kinakitia kijiji aibu.* Sikiliza kabla ya kujibu. Mimi waliniambia nisitumie jina la kijiji wala kuonyesha mlango wa msikiti wao, na wakanipa sharti la tatu: siku ya kushuti maziko, kaburi lisichimbwe ndani ya eneo la makaburi yao, na likishachimbwa lifukiwe siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Tulilifukia sote, waigizaji na wenyeji, kamera zikiwa zimeshafungwa.